Bikoni Katika Chumba cha Kulia

Kwa zaidi ya miaka sitini mama yangu aliingia na kutoka katika jumba lile la mawe kupitia mlango wa jikoni. Hakuwahi hata siku moja kupita mlango wa mbele. Najua msomaji atadhani ninatia chumvi, lakini sitii. Mlango wa mbele ulikuwepo, mpana, wa mbao nzito zilizoletwa kwa meli na kisha kwa mkokoteni wa ng'ombe, na kitasa chake cha shaba kiliendelea kung'aa hata paa la nyumba lilipoanza kuota majani. Mama aliujua mlio wa bawaba zake kama alivyojua sauti za wanawe. Mguu wake tu ndio haukukanyaga kizingiti hicho.

Jumba liko katika bonde la Subukia, kwenye ukingo wa mto. Limejengwa kwa urefu, likifuata maji. Upande wa juu kuna sebule, veranda na mlango wa mbele unaotazama mto. Katikati kuna chumba cha kulia. Upande wa chini kuna jikoni, stoo na vyumba viwili vidogo. Naomba mpangilio huo ukumbukwe, maana ugomvi wote ninaousimulia umetokana nao.

Mama alipenda kuhesabu wenye nyumba, mmoja baada ya mwingine, kama watu wengine wanavyohesabu wajukuu. Alianza na wale waliokuwa wakinywesha ng'ombe pale kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. "Hao hawakuandikiwa hati," alisema, kisha akanyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Kama alinyamaza kwa heshima au kwa aibu, sikuwahi kumuuliza.

Aliyeandikiwa wa kwanza alikuwa mzungu wa farasi. Alichukua waashi waliokuwa wamemaliza kujenga stesheni za reli, akawachongesha mawe miaka miwili. Mlango wa mbele aliutaka utazame maji, si barabara, ili mgeni alazimike kuizunguka nyumba nzima na kuona ukubwa wake kabla ya kukaribishwa. Hayo yalikuwa majivuno tu. Farasi wake walikufa kwa maradhi, akauza, akaenda zake, na hakuna anayemkumbuka ila kwa ule mzunguko aliotuachia.

Wa pili alikuwa bibi mjane wa kizungu, mwenye shamba la pareto na mbwa wanne. Mama alikuja kwake akiwa msichana, akaanza kwa kumenya viazi, na hatimaye akawa mpishi. Sheria ilikuwa moja: wa jikoni abaki jikoni. Chakula kilipita kwenye kidirisha ukutani, kikapokelewa chumba cha kulia na mtumishi mwingine mwenye kanzu nyeupe. Mama alipika mikate, nyama ya kondoo na pudini za kila aina, na kila alichopika kilienda kwa watu aliowasikia wakicheka bila kuziona sura zao. Uhuru ulipokuja, yule bibi akafunga mizigo. Asubuhi ya kuondoka alikuja mpaka jikoni, akampa mama sufuria kubwa na aproni mpya, akamshika mkono.

"Alikuwa mtu mzuri," mama alituambia kila mara. "Lakini aliniaga jikoni."

Wa tatu ilikuwa kampuni ya kununua mashamba, kama zilivyokuwa nyingi siku zile katika sehemu zetu. Watu walichanga, wakawa wanachama, wakalichukua shamba zima pamoja na nyumba. Mama aliingia kwa hisa moja. Baba, aliyekuwa dereva wa trekta, alikuwa amefariki mimi nikiwa mgongoni, na mama alikuwa na watoto wawili na ile sufuria. Miaka mitatu kampuni ilifanya jumba kuwa ofisi na ghala. Magunia ya mahindi yalilala sebuleni na mbuzi wa mwenyekiti alifungwa kwenye bafu.

Kisha likaja suala la kugawa. Kila mwanachama alitaka kufika mtoni, na kila mwanachama alimshuku mwenzake. Kamati ikaapa mbele ya mkutano kwamba mistari ya mapimo itanyooka kutoka barabarani hadi majini, bila kupinda hata kwa sababu ya mti, kwa kuwa mstari ukipinda kuna mtu amependelewa. Watu walipiga makofi. Hakuna aliyekumbuka nyumba mpaka siku mpimaji alipofika na mnyororo wake wa kupimia akasimama mbele ya ukuta.

"Mzee, kuna nyumba hapa," akamwambia mwenyekiti.

"Nyumba inaweza kusonga?"

"Haiwezi."

"Basi pita."

Mpimaji akapita. Aliingiza mnyororo kwa dirisha la chumba cha kulia, akatoboa sakafu ya mbao, akapigilia chuma na kukizungushia saruji. Ikawa bikoni, alama ya mpaka ya serikali, imesimama pale meza ya yule bibi ilipokuwa. Watu wazima wenye akili zao walilitazama jambo hilo na kuliona la haki kabisa. Nimecheka juu yake maisha yangu yote, lakini nakiri kwamba sijui ningesema nini kama ningekuwa kwenye mkutano ule na hisa yangu moja mkononi.

Kura zilipigwa kwa vikaratasi vilivyotiwa ndani ya karai. Mama alichota chake mwenyewe. Alipoambiwa kwamba namba yake ina nusu ya jumba, alikaa chini kwenye nyasi. Halafu akaonyeshwa ni nusu ipi.

"Nilitoka jikoni, nikaingia jikoni," alikuwa akisema.

Nusu nyingine ilimwangukia karani wa reli, mtu kutoka magharibi mwa nchi, mrefu, mwenye kutembea na mwavuli hata wakati wa kiangazi. Yeye akapata sebule, veranda na mlango wa mbele. Watoto tukamwita Mzee wa Mbele, na mama akaitwa Mama wa Nyuma, na majina hayo yaliwashika hata chifu akawa anayatumia. Mzee na mama walijenga ukuta wa mabanzi katikati ya chumba cha kulia, juu ya mstari wa bikoni sawasawa, chuma kikiwa kimetokeza chini yake kama jino.

Mwanzoni walikuwa majirani wema. Sebule ndiyo iliyokuwa na meko ya kuotea moto, nasi tulikuwa na bomba la maji. Mke wa mzee alitupitishia makaa kwenye karai kupitia pengo la mabanzi jioni za baridi ya Julai, na sisi tulimpitishia maji kwa mpira. Mzee mwenyewe alimwambia mama zaidi ya mara moja, "Mama, si upite tu hapa mbele, unazungukia nini?" Mama alikataa. Alisema akipita pale kwa kukaribishwa atakuwa mgeni, na yeye si mgeni wa nyumba ile. Kaka yangu alipendekeza tupanue dirisha la chumba chake liwe mlango unaotazama mto. Mama akamwambia dirisha ni dirisha hata ulivishe kizingiti.

Mke wa mzee alipofariki, jeneza lake lilitolewa kwa mlango wa mbele, mbawa zote mbili zikiwa wazi. Mama alisimama chini kwenye ukingo wa mto, leso imemfunika mabega, akatazama watu sita wakishuka ngazi za mawe pamoja na rafiki yake. Tulipokuwa tunarudi aliniambia, "Mimi pia nitatoka pale." Nikamuuliza vipi, na pale si kwetu. Akasema nyumba ni moja. Nilikuwa msichana wa shule, na nilidhani ni huzuni iliyokuwa ikisema.

Ugomvi ulikuja miaka kadhaa baadaye, na ulikuwa ugomvi wa futi mbili. Binti ya mzee alikuwa anakuja kuposwa. Mzee alikuwa amenunua seti ya makochi, na kochi refu halikuenea. Jumapili moja tulirudi kutoka kanisani tukakuta ukuta wa mabanzi umesogea upande wetu. Bikoni, iliyokuwa chini ya ukuta, sasa ilikuwa ndani kwake, chini ya kochi. Mama alivua viatu, akaupima upungufu kwa nyayo zake, akarudia mara ya pili.

"Ni futi mbili tu, mama, na ni ya wageni," mzee alisema kutoka ng'ambo. "Wakienda nitarudisha."

Wageni walikuja, wakala, wakaenda. Ukuta haukurudi. Chifu aliitwa, akaketi kwenye kiti mguu mmoja huku na mmoja kule, akanywa chai za pande zote mbili, akasema hilo ni jambo la mapatano. Kwetu sisi watu wa mashamba ya kugawana, mtu anaweza kukusamehe ukimtukana, anaweza hata kukusamehe ukimlia mahindi. Kusogeza mpaka ni jambo lingine. Laana yake inajulikana, na mama aliamini kabisa kwamba mzee alikuwa ameikalia laana hiyo kila alipoketi kwenye kochi lake jipya.

Hakusema naye tena. Kwa zaidi ya miaka thelathini aliongea na kuku. "Nyinyi kuku," alikuwa akisema karibu na mabanzi kwa sauti ya kusikika, "mtu akichukua cha mwenzake, huwa analala usingizi?" Kule ng'ambo redio ya mzee ilipandishwa sauti. Tulicheka, sisi watoto, na baadaye tukawa watu wazima, nikawa mwalimu Bahati, nikastaafu, na bado kila nilipokuja kumtembelea niliwakuta wazee wawili wakiishi chini ya paa moja linalovuja, wakisikilizana kikohozi usiku na kunyimana salamu mchana. Hapo kicheko kilikuwa kimeniishia.

Mama alifariki asubuhi, baada ya uji, bila kusumbua mtu. Mwaka mzima wa mwisho alikuwa amenishika mkono akinikumbusha. "Mlango wa mbele. Usinitoe kwa jikoni kama maganda ya viazi." Nilimuahidi. Nilimuahidi kwa sababu ndivyo mtu anavyomwambia mgonjwa, kisha akafa na ahadi ikabaki kwangu.

Kaka yangu hakutaka kusikia. Kaburi lilikuwa lichimbwe nyuma ya jikoni, hatua thelathini kutoka mlangoni, chini ya mparachichi alioupanda mwenyewe.

"Sasa tuzungushe mama nyumba yote ndio tumrudishe palepale?" alisema. "Tena kwa huyo mzee? Wacha hiyo maneno."

Nilimwacha, nikazunguka nyumba peke yangu. Ulikuwa mzunguko uleule wa mzungu wa farasi, na nilipofika kwenye ngazi za mawe nilihisi ukubwa wa nyumba kama alivyokusudia. Mzee alikuwa verandani, mwavuli umeegemea ukuta. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyomkumbuka, mikono ikimtetemeka, nywele nyeupe zimejaa kichwa kizima. Zile nywele ndizo alizojivunia sikuzote. Alizichana hata sasa.

"Wewe ni ule msichana wa mwisho," alisema. "Pole. Nilisikia mkilia."

"Asante, mzee."

"Keti."

Nikaketi, nikamwambia nilichokuja kuomba. Nilimwambia yote, hata yale ya maganda ya viazi. Aliyatazama maji.

"Mimi nilimwambia apite hapa," akasema mwishoni. "Miaka ngapi nilimwambia? Akasema yeye si mgeni. Sasa leo nikifungua mlango, si atakuwa mgeni?"

Niliutazama ule mlango.

"Halafu kuna ingine. Huko kwetu maiti haipiti mlango ya mtu hivi hivi. Ikipita kwako, ni yako. Unaweka matanga, unanyoa, unaomboleza kama ndugu. Hiyo si mchezo. Na huyu hatukuwa tunaongea."

"Kwa hivyo unakataa, mzee?"

"Sijakataa. Niache nifikirie."

Niliondoka nikiwa na hasira hata nikasahau kuaga. Nilimkasirikia yeye, mtu wa miaka yote hiyo anayehitaji siku za kufikiria kuhusu mlango. Nilimkasirikia mama pia, na sioni haya kulisema. Angeweza kupita pale mara elfu moja akiwa hai, akanywa chai kwenye lile kochi, akamaliza. Badala yake alikuwa ameniachia mimi kiburi chake nikibebe, na nilikuwa na viatu visivyofaa kwa kazi hiyo.

Siku tatu hakutuma neno. Kaka yangu alifyeka njia kutoka mlango wa jikoni hadi kaburini. Nilimtazama akifyeka na sikumzuia.

Asubuhi ya mazishi gari la kubeba maiti lilifika mapema. Tulimwingiza mama kwa mlango wa jikoni, kama kawaida yake, tukaweka jeneza juu ya meza aliyokuwa akikandia unga. Wanawake wa kanisa walikuwa nje wakiwasha mioto ya chai na pilau. Hapo ndipo niliposikia nyundo. Sauti ilitoka chumba cha kulia. Nilikimbia, nikidhani mabanzi yanaongezwa misumari.

Ubanzi mmoja ulikuwa umeng'oka, na ndani ya pengo kulikuwa na uso wa mzee. Alikuwa ameshika nyundo kwa mikono yote miwili kwa sababu mmoja haukutosha. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa chote, cheupe, na juu ya sikio moja wembe ulikuwa umemkata akabandika kipande cha gazeti. Nadhani alijinyoa mwenyewe.

Nililia. Sikuwa nimelia vile tangu mama alipokata roho. Yeye hakulia, alionekana kuudhika kwamba nimesimama tu.

"Si unisaidie," alisema. "Misumari imeshika kutu. Mama yako apite ndani ya nyumba. Asizungushwe."

Kaka yangu alikuja, akamtazama yule mzee, akatazama kile kichwa, kisha akachukua nyundo. Katika nusu saa ukuta ulikuwa chini. Makochi yalikuwa yamekwisha kutolewa hadi verandani, pamoja na lile refu. Kwa mara ya kwanza tangu mpimaji apite na mnyororo wake, chumba cha kulia kilikuwa chumba kimoja, na mwanga wa mto ulifika mpaka jikoni. Bikoni ilikuwa katikati, na mzee aliifunika kwa zulia dogo ili wabebaji wasijikwae. Mtu mmoja aliuliza kwa nini isikatwe tu.

"Hiyo ni ya serikali," mzee alisema kwa ukali wa karani. "Haiguswi."

Basi mama alitolewa jikoni, akapitishwa chumba cha kulia alichokihudumia bila kukiona enzi za yule bibi, akavuka bikoni, akaingia sebule ambayo vicheko vyake alivisikia kupitia kidirisha. Mzee alitangulia, akafungua mbawa zote mbili. Bawaba zililia kama zilivyolia sikuzote. Mchungaji, aliyekuwa ameandikiwa kwenye ratiba kwamba mwili utatoka kwa jikoni saa nne, alibaki upande wa nyuma na Biblia yake, akangoja, akatazama saa, hadi alipotuona tukitokea kwenye kona ya nyumba kutoka mtoni, tukitembea polepole na jeneza. Waombolezaji wengi hawakuelewa kwa nini tumekwenda mbali hivyo kufika karibu. Wazee wachache wa kampuni waliobaki walielewa, nao wakavua kofia.

Tulipopita nyuma niliona kwamba wanawake wa moto walikuwa wamekwisha kuyachukua mabanzi. Kuni zilikuwa zimepungua, nao walikuta mbao kavu zimelala bila mwenyewe. Chai ya matanga ya mama ilichemshiwa kwa ukuta ule. Hakuna aliyewaagiza, na hakuna aliyewakanya.

Kaburini msimamizi wa ratiba, kijana kutoka mjini asiyetujua, aliita watu kwa mafungu waje watupe udongo. Aliita familia kwanza. Kaka yangu akaenda, nikaenda mimi, wakaja wajukuu. Mzee wa Mbele akaja pia, mwavuli kwapani, akasimama nasi kwenye mstari. Msimamizi alitazama karatasi yake, akamtazama, akaniinamia.

"Madam, majirani nitawaita baadaye. Huyu mzee ni nani?"

"Ni wa nyumba," nikamwambia.

Mzee aliweka mwavuli chini. Aliinama kwa shida, kaka yangu akamshika kiwiko, akachota udongo kwa mikono yote miwili. Alikaa nao kidogo kabla ya kuuachilia. Kisha akasema na mama kwa mara ya kwanza baada ya miaka ile yote, kwa sauti ndogo ambayo nadhani mimi na kaka yangu tu tuliisikia.

"Mama, zile futi mbili nimerudisha."

Akajipangusa mikono kwa suruali, akarudi kusimama mahali pake kati yetu.